Nataka kutumikia parokiani, nianzie wapi?

Mwisho wa Misa ya Jumapili, kabla ya baraka, katibu husimama na karatasi ya matangazo. Kwaya inatafuta sauti za besi. Kanda fulani, yaani kundi la jumuiya za jirani, ina zamu ya usafi Jumamosi. Watoto wa Komunyo ya Kwanza wameongezeka, walimu hawatoshi. Aliyekaa benchi la nyuma husikia yote hayo, moyo ukamgusa, kisha hupokea baraka, hutoka na kupanda bodaboda kurudi nyumbani. Hakatai kutumikia. Hajui amwone nani, aseme nini, wala kama ataambiwa hafai. Nimemwandikia yeye. Mifano yangu ni ya parokia za Tanzania ninazozijua. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta baadhi ya vyama vina majina mengine, lakini njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: ingia jumuiya

Usianzie ofisi ya parokia. Anzia jumuiya ya mtaani kwako, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Maaskofu wa kanda hii ya Afrika, kupitia umoja wao wa AMECEA, walilijadili wazo la jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mwaka 1973, na katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976 wakaamua kwamba kuzijenga ndiyo kazi itakayotangulia katika uchungaji wao. Ukilitazama kwa macho ya mtaani utaona busara yake. Paroko mwenye vigango sita, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, hawezi kujua kwamba bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwako ameanguka bafuni juzi. Jirani anaweza kujua siku hiyo hiyo.

Kuingia si kugumu. Muulize jirani Mkatoliki jumuiya inasali siku gani, na wiki hii ni zamu ya nyumba ya nani. Ukikosa jirani, msubiri katekista nje ya kanisa baada ya Misa, na umwite Mwalimu, maana ndivyo anavyoitwa. Nenda na Biblia na rozari. Ukifika, toa salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo", kisha ujitambulishe: jina lako, ulikotoka, parokia uliyobatizwa. Kama umehamia karibuni, omba barua ya utambulisho kutoka jumuiya yako ya zamani. Itakusaidia hata siku utakapotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, kwa kuwa parokia nyingi huomba kwanza barua ya jumuiya. Katibu atakuandika daftarini.

Halafu tulia. Hudhuria wiki sita au nane bila kutafuta cheo wala kuleta mapendekezo. Katika wiki hizo utajua nani ni mjane, nani ana mtoto mlemavu ambaye hatolewi nje, nani alikuwa anakuja kila wiki na sasa haonekani. Hayo hayasomwi kwenye matangazo.

Jumuiya nyingi hutafakari Injili kwa utaratibu wa hatua saba: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kukaa kimya, kushirikishana, kisha kujadili kazi ambayo Neno linatutuma, na mwisho kusali pamoja. Nasikitika kusema kwamba hatua ya sita, ile ya kazi, ndiyo inayorukwa kuliko zote. Muda umekwenda, kuna michango ya kutangaza, watu wanataka kuwahi shughuli zao. Ukiona inarukwa, uliza kwa upole: "Mwenyekiti, wiki hii tumtembelee nani?" Hapo umeshaanza kutumikia. Na usishangae ukijibiwa: "Basi nenda wewe na mama Anna."

Hatua ya pili: shika kazi moja

Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwaya, nikajiandikisha kikundi cha sala cha Karismatiki, nikakubali ukatibu wa kanda, tena nikaahidi kufundisha watoto kila Jumamosi. Kabla Pasaka haijafika, watoto walikuwa wamenisubiri mara tatu bila mimi kutokea. Darasa likapungua, na baadhi yao hawakurudi tena. Jambo hilo bado linaniuma. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia ashike kazi moja kwa mwaka mmoja, na kama kuna kuongeza, aongeze baada ya hapo.

Pima kwa saa ulizo nazo kwenye wiki, maana shauku ya siku ya kwanza hudanganya. Anayefanya kazi ya shifti hospitalini au kiwandani ataumia kwenye kwaya, kwa sababu mazoezi yana siku zake na kukosa kwako kunawarudisha nyuma wenzako. Huyo atafaa zaidi kwenye usafi wa kanisa, ambao huenda kwa zamu za kanda na jumuiya, au kwenye kukaribisha watu mlangoni siku za Misa.

Usomaji wa masomo unahitaji muda mchache lakini nidhamu kubwa. Lisome somo lako tangu katikati ya wiki, kwa sauti, mtu wa nyumbani akikusikiliza. Ujue linatoka kitabu gani na nani anaongea na nani. Jina kama Nebukadneza lisikukute mimbarini kwa mara ya kwanza. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, kwa hiyo ukiweka alama zako vizuri kwenye Biblia yako ya nyumbani, utayakuta tena baada ya miaka mitatu na yatakuwa yamekukomaa.

Kuna kazi moja ninayoipenda kuliko zote za kanisani, na karibu hakuna anayeiomba: kufua vitambaa vya altare. Vile vinavyogusa Ekaristi na kikombe husuuzwa kwanza peke yake kwa maji matupu, na maji hayo ya kwanza humwagwa ardhini mahali safi, hayapelekwi kwenye karo. Baada ya hapo ndipo hufuliwa kwa sabuni na kupigwa pasi. Sista au msakristia, yaani mtunza vyombo vya ibada, atakuonyesha namna ya kuvikunja. Ni kazi ya saa moja kwa wiki, na inaweza kufanywa na mama mwenye mtoto mgongoni.

Vyama vya kitume, yaani vyama vya waumini vya sala na huduma, navyo ni mlango. Wanawake wana WAWATA, iliyoanza mwaka 1972. Wanaume wana UWAKA. Vijana wana VIWAWA, na wanafunzi wana TYCS. Watoto wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa senti zao. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kilianza Paris mwaka 1833, Frédéric Ozanam na wenzake wakiwa vijana wa chuo, na hadi leo kazi yake kuu ni kwenda nyumbani kwa maskini.

Kwa mtu anayetaka kulelewa katika utumishi, mimi ningempeleka chama kingine cha kitume, Legio Maria. Ilianza Dublin tarehe 7 Septemba 1921. Utaratibu wake ni mgumu kidogo, na ugumu huo ndio faida yake: mnakutana kila wiki, mnapangiwa kazi wawili wawili, na wiki inayofuata kila mmoja anatoa taarifa mbele ya wenzake. Huwezi kusema tu "nilinuia kwenda." Aliyeileta pande zetu ni dada mmoja wa Ireland, Edel Quinn, aliyefika Nairobi mwaka 1936 akiwa tayari ameugua kifua kikuu. Alizunguka nchi hizi kwa barabara za wakati ule, akafariki Nairobi mwaka 1944 na kuzikwa huko. Ninapojisikia kuchoka kwenda mtaa wa pili, humkumbuka.

Hatua ya tatu: subiri kutumwa

Kuna huduma za kujitolea mara moja, na kuna huduma ambazo mtu hutumwa. Kugawa Komunyo ni ya kutumwa. Hupendekezwa mtu anayejulikana, akafundishwa, akapewa kibali kwa mamlaka ya askofu. Usijipendekeze, na usipochaguliwa usinune. Kufundisha dini nako kunataka maandalizi: mwone katekista, kaa naye darasani miezi kadhaa kama msaidizi, uone anavyowashughulikia wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na anavyowashughulikia watoto wa Kipaimara, maana hawafundishwi sawa. Heshima ya kazi hii imeongezeka. Mwezi Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kuwa huduma inayowekwa rasmi katika Kanisa, na Januari ya mwaka huo alikuwa ameshafungua huduma za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake pia.

Kuhusu watoto nina neno moja, na silegezi. Usikae na mtoto peke yako, iwe sakristia, darasani au kwenye gari. Wawepo watu wazima wawili, mlango uwe wazi, na wazazi wajue saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ukiona mtu mzima mwenzako, awe na cheo gani, anavunja hayo, mwambie paroko na mzazi siku ile ile. Kama kuna dalili kwamba mtoto ameumizwa, nenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Kumficha mtu huyo ili "kulinda jina la Kanisa" ni kumwacha mtoto mwingine mikononi mwake.

Hatua ya nne: nenda kwa mgonjwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko tunakokosea kwa nia njema.

Siku moja tulikwenda watu kumi na mmoja kumwona mama mmoja wa jumuiya aliyekuwa amepooza upande. Tuliimba, tukasali rozari nzima, tukasoma Injili, kila mmoja akatoa neno. Binti yake mdogo akatuandalia chai. Tulipokuwa tunaaga, nilipita uani nikaona ndoo zote tatu ni tupu na vyombo vimejaa karoni. Yule binti alikuwa ametumia maji ya mwisho kwa chai yetu. Tulirudi watatu jioni na madumu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa sala aliyokuwa anaisubiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Nendeni wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake, watatu wakizidi. Mpigie simu anayemhudumia, uulize saa inayofaa, na uulize waziwazi nyumbani kumepungukiwa nini. Mara nyingi jibu ni sabuni ya unga, sukari, mafuta ya taa, au nepi za watu wazima ambazo watu huona aibu kuzitaja. Peleka hicho. Ukiwa na nguvu, chota maji, fagia uwanja, mpe mhudumu saa mbili akalale au aende sokoni. Anayeuguza naye ni mgonjwa wa aina yake, na hatangazwi kanisani.

Ukiingia, kaa chini, macho yenu yalingane. Usimsimamie mgonjwa kitandani kama unakagua. Msikilize kwanza. Kabla ya kusali, muulize kama angependa. Wapo wanaohitaji siku hiyo kuongea habari za shamba lao tu. Dakika ishirini zinatosha, mwili wake umechoka kuliko anavyoonyesha. Usimpige picha. Usimwambie ugonjwa wake ulivyomuua mjomba wako. Usimpe dawa uliyosikia mahali. Na kamwe, kamwe usimwambie aache dawa za presha, za kisukari au za kufubaza virusi kwa kuwa tumeshamwombea. Sala na dawa vinakaa meza moja. Ulichokiona na kusikia mle ndani, kiishie mle ndani. Ukimtajia mwenzako hali ya mgonjwa wa VVU "ili tumwombee", umeshaitangaza mtaani.

Kama anataka kupokea Komunyo, andikisha jina lake kwa katekista. Parokia nyingi zina siku yake, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo saidia kuandaa: meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe safi, msalaba, mshumaa, glasi ya maji. Waambie wa nyumbani wapunguze redio. Mhudumu anayebeba Ekaristi huenda moja kwa moja kutoka kanisani, kwa hiyo usimsimamishe njiani kwa maongezi. Hofu ya kwamba mgonjwa "amekunywa uji asubuhi" ituondoke. Wagonjwa na wanaowauguza hawafungwi na ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo.

Na Mpako wa Wagonjwa usingoje pumzi ya mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulishasema mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya walio kwenye hatari ya mwisho ya kufa peke yao. Muda wake umefika mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Bado kuna familia zinazoogopa padre akionekana getini, zikidhani amekuja kuaga. Kazi yako ni kuwaeleza polepole, mapema, mgonjwa angali na uwezo wa kuungama na kuitikia sala. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, parokia nyingi huwapaka mafuta wagonjwa wengi kwa pamoja. Tafuta gari au bajaji ya kuwaleta wasioweza kutembea, wiki mbili kabla.

Wodini mambo ni yale yale, ila muone kwanza muuguzi wa zamu. Muulize ni nani asiye na ndugu wa kumletea chakula. Huyo ndiye wako. Magereza usiende kwa kujipangia. Pitia kwa paroko au padre mlezi wa magereza, maana kibali hutolewa na gereza, na vitu vya kupeleka vina masharti.

Hatua ya tano: msibani

Msiba hupima jumuiya. Habari ikifika usiku, kazi za kwanza ni tatu, na zigawanywe kwa majina: mmoja ampigie katekista ili paroko ajue na Misa ipangwe, mmoja akae na wafiwa wa karibu, asiongee sana, mmoja ashughulikie turubai, viti na maji. Asubuhi waingie wa jikoni. Daftari la michango lishikwe na wawili, na kila anayetoa aone jina lake likiandikwa.

Kuna jambo linalonisumbua. Utasikia wakati wa msiba: "Huyu alikuwa hasali jumuiya, hana hata barua." Utaratibu wa parokia upo na una sababu zake, na uamuzi wa ibada ni wa paroko. Lakini kuchota maji, kupika ugali na kumshika mkono mjane hakuhitaji barua. Nendeni. Mkiona aibu kwenda sasa, watoto wa marehemu watakumbuka miaka thelathini nani aliwahukumu mbele ya jeneza.

Halafu weka alama kwenye kalenda, siku ya arobaini tangu mazishi. Turubai limeondoka, simu zimenyamaza. Nenda siku hiyo.

Hatua ya sita: leta ulichosomea

Tunasahau kwamba ufundi nao ni utumishi. Fundi umeme anayekagua nyaya za kigango kabla ya Krismasi, mhasibu anayemfundisha mweka hazina wa jumuiya kufunga hesabu za mwezi, nesi anayepima presha bure nje ya kanisa Jumapili moja kwa mwezi na kuwaelekeza wenye presha kubwa kituo cha afya, mwalimu anayesaidia watoto wa darasa la saba. Mwanasheria ana shamba kubwa kuliko wote. Wajane wengi hufukuzwa nyumbani na ndugu wa mume kwa kutojua taratibu za mirathi. Akijiunga na kamati ya Haki na Amani ya parokia, hata kwa jioni mbili kwa mwezi, anaweza kumwokolea mama nyumba yake.

Kwenye pesa, sheria ni fupi. Usihesabu peke yako. Usikae na mchango nyumbani. Usipokee kwa namba yako ya simu hela iliyochangwa kwa jina la maskini, hata kama ni haraka. Toa risiti, soma hesabu mbele ya jumuiya. Sheria ya Kanisa yenyewe inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, kwa hiyo ukiulizwa maswali usichukulie kama umetukanwa.

Mkigawa chakula au nguo, na wengi hufanya hivyo Siku ya Maskini Duniani, Jumapili moja kabla ya Kristo Mfalme, msiwapange watu foleni mbele ya kanisa wakipigwa picha. Pelekeni nyumbani jioni. Papa Fransisko alipoianzisha siku hiyo, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017, alitaka tule pamoja na maskini. Kwa hiyo mwaka mmoja jaribuni kupika, mkae meza moja, mwenyekiti akae pembeni ya mzee anayelala sokoni.

Hatua ya mwisho: kukabidhi

Siku itafika utahama, utaugua, au nyumbani patakuhitaji zaidi. Usipotee kimya. Mwambie mwenyekiti mwezi mmoja kabla. Andika kwenye daftari majina ya unaowahudumia, siku unazokwenda, na mambo madogo: huyu hasikii sikio la kushoto, yule hapendi tuimbe kwa nguvu, nyumba ile ina mbwa, piga hodi kwa simu. Yale ya siri usiyaandike. Kabidhi funguo, vitambaa, hela na hesabu mbele ya shahidi.

Kisha mchukue anayekupokea, mzunguke naye nyumba kwa nyumba. Kila mahali kaeni kidogo, umtambulishe kwa jina, na umwachie yeye aseme atarudi lini.